Anayenawa Kwanza

Mwankoko, Singida
12 Machi 2023

Mjukuu wangu Marietha,

Nakusalimu nikiamini u mzima huko Dar es Salaam, unakula na unalala. Sisi hapa tunaendelea. Bibi yako Anastasia, ambaye ni mke mwenzio, anakusalimu na anasema uache kumpigia simu wakati anapepeta uwele.

Nimeamua kuandika barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Kila nikifika kwenye hoja unasema, "Babu, mtandao unakata." Mtandao haukati, wewe ndiye unayekata. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, namjua mwanafunzi anayekwepa somo.

Somo lenyewe ni hili. Wiki iliyopita nilikwenda kliniki ya kisukari mjini. Sukari imepanda. Kijana mmoja mpole, Noel, ambaye kazi yake ndiyo hiyo unayoisomea wewe, akanionyesha picha ya sahani iliyogawanywa: nusu mboga, robo ugali, robo maharage au nyama. Akasema, "Mzee, kuanzia leo ule kwenye sahani yako mwenyewe, ujue kiasi chako." Nikamwambia, "Mwanangu, mimi sina sahani." Akadhani naomba msaada. Akanipa moja ya plastiki, ya bluu.

Unajua tunavyokula. Kila jioni wanaume wa nyumba zetu tunakaa uani kwa jirani yangu Amosi: mimi, Amosi, wanawe Paschal na Kefa, na baba yako mdogo Yeremia. Sinia moja la ugali, bakuli la mlenda, na mboga nyingine kama ipo. Nimekula hapo tangu nirudi kutoka chuo cha ualimu. Sitahamia kwenye plastiki uzeeni. Sahani nimempa bibi yako, anafunikia mtungi wa maji.

Kama huko chuoni mnafundishwa kuwatenga wazee, nieleze mapema.

Babu yako,
Hezekia


Dar es Salaam
29 Machi 2023

Shikamoo Babu,

Mimi ni mzima, nakula na nalala, ingawa si sana wakati wa majaribio. Mpe bibi shikamoo yangu na umwambie nitapiga simu akimaliza kupepeta.

Nikujibu kwanza kuhusu chuo. Nasomea lishe tiba. Sisomei upishi, hata kama baba mdogo Yeremia alitangaza mbele ya wageni kwamba nimekwenda chuo kikuu kujifunza kukoroga uji. Mwambie nipo mwaka wa tatu na bado sijakabidhiwa mwiko. Tunasoma damu, figo na ini. Tunasoma chakula kinakwenda wapi kikishamezwa. Nikimaliza mwaka wa nne nitafanya kazi hospitalini mwaka mzima chini ya usimamizi, ndipo nisajiliwe. Baada ya hapo nitawajibika kwa ushauri wangu kama daktari anavyowajibika kwa sindano yake.

Sasa kuhusu wewe. Ugali wa sembe ni wanga, na wanga huwa sukari mwilini. Sukari ikizidi kwa muda mrefu inaharibu mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu ya miguuni. Mtu anachomwa na mwiba, hasikii. Kwenye sinia huwezi kujua umekula kiasi gani. Noel yuko sahihi, na mimi ningekupa sahani hiyo hiyo; nimekuchorea hapa chini. Iondoe kwenye mtungi, ioshe, ukae nayo.

Ukikataa nitamwandikia bibi moja kwa moja.

Mjukuu wako mkaidi,
Marietha


Mwankoko
16 Aprili 2023

Mjukuu wangu,

Marahaba. Tu wazima, mvua bado ipo, na uwele umeanza kutoa masuke. Nimekutii. Nimekutii jioni moja, na nitakueleza ilivyokuwa ili usiniombe tena.

Nilikaa na sahani yangu ya bluu magotini. Paschal akanyoosha mkono kwenye sinia, akaurudisha. Kefa akatazama chini. Mwishowe Amosi akauliza, "Mwalimu, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Ni kisukari."

"Kinaambukiza?"

"Hakiambukizi."

"Basi ni sisi tunaokutia kinyaa."

Nikaeleza. Nilieleza mpaka ugali ukapoa. Yeremia akasema, "Jamani, hayo ni mambo ya Marietha. Amekosa mgonjwa wa kujifunzia, amempata baba." Wakacheka, lakini hawakushiba. Asubuhi Amosi akaja na jogoo, akaniomba radhi kwa kosa asilolijua. Nililazimika kumpokea yule jogoo, maana kumkataa kungethibitisha kwamba nina kinyongo.

Elewa, mjukuu wangu. Huku kwetu anayekula peke yake kati ya watu ni mgonjwa wa kuambukiza au mtu aliyesusa. Mimi si mmoja wao. Kwenye sinia hilo ndipo tuliposuluhisha mpaka wa shamba na Amosi. Hapo ndipo Kefa alipotamka kwamba anataka kuoa. Nikihama, habari za majirani zangu nitazipata kwa bibi yako kama mgeni.

Vidonge nameza. Sahani sitaki. Usinichoree tena.

Babu yako


Dar es Salaam
3 Juni 2023

Shikamoo Babu,

Natumaini hujambo. Barua yangu ya Mei hukuijibu. Simu yako inaita, haipokelewi. Bibi anasema, "Babu yako yupo, amelala." Babu ninayemjua hajawahi kulala saa nne asubuhi.

Mnanificha nini?

Mjukuu wako


Wodini, Singida Mjini
22 Juni 2023

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nimekatwa kidole gumba cha mguu wa kushoto.

Nilichomwa na bua la uwele shambani wakati wa kuvuna, sikusikia. Ulisema, na imekuwa. Bibi yako ndiye aliyeona damu kwenye soksi. Kidonda kikagoma kupona, kikaanza kunuka. Mimi ndiye niliyekataza usiambiwe mpaka nishike kalamu mwenyewe, kwa hiyo usimgombeze bibi. Na usije, una mitihani.

Daktari amesema nikiendelea hivi watarudi kuchukua mguu. Nimemsikia. Lakini na wewe unisikie. Amosi, wanawe na Yeremia wamekuja hapa kila jioni na chakula, wakazunguka kitanda, tukala pamoja. Muuguzi akawafukuza. Kesho yake wakarudi. Amosi akamwambia, "Sista, huyu akila peke yake atakufa kwa hasira kabla ya sukari."

Kidole kimeondoka. Nafasi yangu haijaondoka. Kama sayansi yako inajua njia moja tu ya kuuokoa mguu wangu, na njia hiyo ni kunitoa kwa watu, basi bado hujamaliza kusoma. Rudi darasani.

Babu yako


Dar es Salaam
9 Julai 2023

Shikamoo Babu,

Pole sana. Pole tena. Bibi ameniambia umerudi nyumbani na kidonda kinafungwa kila siku. Nimelia, kisha nimekasirika, kisha nimeisoma barua yako mara nyingine. Nimekasirika kwa sababu mlinificha, na hilo tutalizungumza nikija. Nimekasirika zaidi kwa sababu uko sahihi.

Nilikuchorea sahani kabla ya kukuuliza mnakulaje. Nimekulia hapo, lakini sijawahi kukaa kwenye sinia lenu. Sisi wasichana tulikuwa tunalileta uani, tunapiga magoti, tunanawisha, tunageuka kwenda kula jikoni na bibi. Najua ugali unavyofika. Sijui unavyoisha.

Kwa hiyo nieleze. Nani anaanza? Nani anaacha wa kwanza, na kwa nini huyo? Eleza kirefu unavyopenda. Safari hii sitasema mtandao unakata.

Sirudi nyuma, Babu. Mguu wako utabaki na wewe utabaki hapo ulipo. Kama njia haipo kwenye vitabu vyangu, tutaitafuta mimi na wewe.

Mjukuu wako


Mwankoko
30 Julai 2023

Mjukuu wangu,

Marahaba, na asante kwa pole. Kidonda kinajaa nyama taratibu. Natembea na fimbo, naonekana mheshimiwa.

Anayeanza ni mkubwa, yaani mimi. Amosi nimemzidi miaka miwili na hajanisamehe. Nikimega tonge la kwanza ndipo wengine wanamega. Na anayenawa kwanza baada ya kula ni mimi pia. Hapa ndipo pana jambo, nisome polepole.

Mkubwa akishanawa, wadogo hawaendelei. Ni aibu kijana kuonekana anatafuna wakati mzee ameshamaliza. Sasa mimi najua Paschal na Kefa wametoka shambani na wana njaa. Nikinawa mapema nitawalaza njaa. Kwa hiyo hata nikishiba sinawi. Naendelea kumega kidogo kidogo ili na wao waendelee.

Nilipofika hapa katika kuandika, Paschal alikuwa anapita na jembe. Nikamwita, nikamuuliza jioni huwa anashiba saa ngapi.

"Mwalimu, mimi nashiba mapema tu."

"Mbona unaendelea?"

"Kwa sababu yako. Tukinawa wewe bado unamega, itakuwa tumekuacha ule peke yako. Na tangu uumwe tunakusogezea upande wako. Mgonjwa lazima ale."

Miaka yote hii mimi nakula kwa ajili yao, wao wanakula kwa ajili yangu, sinia linaisha kila jioni, kisha tunamsifu mpishi.

Haya, msomi. Fanya kazi yako.

Babu yako


Dar es Salaam
13 Agosti 2023

Shikamoo Babu,

Nafurahi kusikia habari ya kidonda. Barua yako nimeisoma nimesimama. Sahani nimeifuta.

Sikiliza mpango. Wewe ndiye unayeanza, basi anza na mboga. Mwambie bibi alete kwanza maharage, kunde na mlenda, ugali ubaki jikoni kidogo. Hakuna atakayekutangulia, tumia ukubwa wako. Ugali uwe wa uwele au mtama usiokobolewa, na uwe wa wote, usipikiwe wewe peke yako. Lakini usijidanganye: ugali wa uwele nao ni ugali, na kiasi kinabaki kiasi. Tonge lako lipungue. Paschal na wenzake wakomeshwe kukusogezea. Waambie kwamba kumlisha hivyo mgonjwa wa kisukari ni kumwongezea ugonjwa.

Na usinawe. Mkono wako ubaki kwenye sinia mpaka vijana watosheke. Ila kati ya tonge na tonge, Babu, eleza. Chagua somo lolote. Mdomo unaofundisha haumezi. Nakuandikia maelezo yako kama dawa, kila jioni pamoja na chakula.

Vidonge usiviache, wala usivipunguze bila daktari. Miguu itazamwe kila asubuhi, bibi akusaidie. Na nahitaji uzito wa tonge lako la zamani na la sasa. Mwalimu wangu wa vitendo, Dokta Luciana, hapokei mambo ya kukadiria.

Sijui kama itafanya kazi. Nitakuwa mwongo nikikuahidi. Tujaribu.

Mjukuu wako


Mwankoko
10 Septemba 2023

Mjukuu wangu,

Marahaba. Tu wazima, na mimi ni kichekesho cha soko.

Nilifunga matonge mawili kwenye leso, nikaenda mjini kwa Michael, yule muuza asali, kwa sababu mizani yake haidanganyi. Akafungua, akatazama. "Mwalimu, umeanza kuuza ugali rejareja?"

"Pima."

"Nipime na mlenda?"

Watu wakasogea. Nikawaeleza kisukari ni nini, mwanzo hadi mwisho, na Michael akakosa wateja kwa muda. Tonge la zamani ni gramu sitini. La sasa ni nusu yake.

Jioni ya kwanza maharage yalikuja peke yake. Yeremia akasema, "Baba, ugali umesahauliwa?" Nikasema, "Unasubiri zamu." Tukala maharage. Ugali ulipofika nikamega, nikameza, nikaanza kueleza kwa nini Ziwa Singidani lina chumvi: maji yanaingia, hayana pa kutokea, jua linayakausha, chumvi inabaki. Amosi akasema, "Mwalimu, kula kwanza, chumvi haikimbii." Nikasema, "Nimeandikiwa na mtaalamu." Nikaendelea na Ziwa Kindai.

Baada ya siku chache Kefa akanawa kabla yangu. Hajawahi kufanya hivyo tangu azaliwe. Akasema, "Samahani Mwalimu, nimeshiba, na somo nimelielewa." Tulitazamana wote. Hakuna kilichotokea. Paschal naye akanawa. Ugali ukabaki, ukarudi jikoni, na bibi yako akanuna siku mbili akidhani umemshinda kupika.

Babu yako


Dar es Salaam
14 Julai 2024

Shikamoo Babu,

Natumaini wewe na bibi ni wazima, na mavuno mmeyaweka ndani. Habari yangu si nzuri. Mtihani wa vitendo wa mwisho nimefeli.

Tuliambiwa tulete mpango wa mgonjwa mmoja halisi, kwa ridhaa yake. Nilikuleta wewe, kama ulivyonikubalia nilipokuja Krismasi. Dokta Luciana akauliza, "Sahani iko wapi?" Nikasema hakuna sahani, kuna sinia. Nilipofika kwenye dawa ya maelezo wenzangu wakacheka mpaka wakapiga meza. Yeye hakucheka. Akasema, "Marietha, umepima tonge. Umepima mlo? Huwezi kuwajibika kwa kitu ambacho hujakigawa."

Ninarudia Septemba. Aliniita ofisini akanishauri nichore sahani tu, nipate alama, nisajiliwe, kisha nikafanye ninavyoona huko kazini. Ananitakia mema, najua. Nikifeli tena narudia mwaka.

Sitachora, Babu. Nikichora nitakuwa nimesema kwa mkono wangu kwamba ulipaswa kutolewa pale. Lakini lazima niwe na haki ya kukataa. Nitumie vipimo vyako vyote vya sukari, vile vya miezi mitatu mitatu. Kama havijashuka niambie ukweli. Hapo nitachora, na nitakuomba radhi.

Mjukuu wako


Mwankoko
4 Agosti 2024

Mjukuu wangu,

Marahaba. Bibi yako ni mzima, mimi nina vidole tisa vya miguu na vyote vinanitii.

Vipimo hivi hapa, Noel amevipigia muhuri. Nilipokatwa kidole, kipimo kilisoma asilimia kumi na moja na kitu. Cha juzi ni saba na nusu. Katikati utaona kimoja kimepanda. Ni cha Januari, baada ya pilau ya Krismasi uliyoiona na ya Mwaka Mpya ambayo hukuiona. Sikukificha, na wewe usikifiche.

Mwalimu wako amekosea kukucheleweshea alama, lakini kuhusu kupima hajakosea. Kwa hiyo tumemkodi Michael na mizani yake. Wiki nzima tumepima sinia likiingia uani na likitoka, na mimi nikawa nahesabu matonge yangu kwa kokoto, moja baada ya jingine. Amosi anasema tumegeuka ghala la serikali. Hesabu nimeziandika nyuma ya karatasi hii.

Yeremia ndiye aliyenipeleka mjini kwa pikipiki kuchukua muhuri. Ametuma ujumbe, nakunukulia: "Mwambie asichore. Akichora nitawaambia watu wote kwamba alikwenda chuo kikuu kusomea uchoraji."

Mimi naongeza neno moja tu, na kwangu hilo ni jambo gumu. Usichore.

Babu yako


Dar es Salaam
28 Septemba 2024

Shikamoo Babu,

Sikuchora.

Niliweka mezani uzito wa sinia, matonge yako na vipimo, na kile cha Januari nikakitaja mimi kabla hajakiona. Dokta Luciana akasoma muda mrefu. Kisha akauliza, "Na mgonjwa ambaye si mkubwa wa sinia? Kijana? Mke? Huyo utamwambia aanze na mboga kwa mamlaka gani?"

Nikasema, "Sijui, Dokta. Nitamuuliza anavyokula kabla ya kumwambia ale vipi."

Akanipitisha. Alipokuwa anatia sahihi akasema, "Hilo la mwisho ungelisema Julai tusingefika hapa." Mwambie baba mdogo.

Mwaka wangu wa hospitali nimepangiwa Singida, naanza Novemba. Ukiisha, nasajiliwa. Nitakuwa nalala nyumbani.

Nina ombi, Babu, na sitaki unijibu kwa utani. Hilo swali la Dokta Luciana siwezi kulijibu nikiwa jikoni. Nimehesabu uzito wa sinia hilo, nimelitetea mbele ya watu waliolicheka, na sijawahi kulikalia. Nikija sitalileta na kugeuka. Nataka kukaa.

Mjukuu wako


Mwankoko
13 Oktoba 2024

Mjukuu wangu,

Marahaba, na hongera. Tu wazima wote, na uani kwa Amosi kuna ugomvi mdogo wa heshima.

Nafasi yako ipo, kati yangu na Kefa. Paschal amekuchongea kigoda. Yeremia hana neno, ila anataka ujue kwamba uji wake wa asubuhi una mabonge na anasubiri mtaalamu. Bibi yako aliposikia nimekutengea nafasi alisimama na bakuli la mlenda mkononi, akauliza, "Na yangu iko wapi, Mwalimu?" Nimefundisha miaka mingi, nimejibu maswali mengi. Hilo nililijibu kwa kusogea.

Amosi ndiye anayesema haijawahi kuonekana, wanawake wawili kwenye sinia la wanaume, tangu lini. Nikamwambia, "Kaa chini nikueleze." Leo ni jioni ya nne. Bibi yako ameshakula, amenawa kabla yetu sote, ameondoka zake. Amosi bado namweleza.

Babu yako